Buluu Isiyotoka kwa Sabuni

Uani kwa Mama Dobi, siku huanza na shuka. Shuka haikamuliwi na mtu mmoja. Mmoja anashika ncha hii, mwenzake anashika ile, kila mtu anasokota kwa upande wake, na maji yanachuruzika katikati. Anayeachia kwanza humlowesha mwenzake miguu. Basi huchekwa. Ndivyo watu wa nyumba ile walivyopimana nguvu tangu zamani.

Aliyeachia kwanza kila siku alikuwa Chiriku.

Chiriku alikuwa binti wa miaka kumi na sita. Jina hilo alipewa na bibi yake, kwa sababu alianza kusema kabla hajaanza kutembea, na tangu hapo hakuna aliyemnyamazisha. Lakini mwaka ule maneno yake yalipungua. Zamani angekusimulia habari ya paka aliyeiba samaki mpaka ukamjua paka na ukoo wake. Sasa alisema maneno matatu, akanyamaza, akasema mengine mawili.

Mama Dobi alifurahi. "Mwanangu amekua," aliwaambia wateja. "Ameacha kuropoka."

Hakujua. Mtoto hakuwa ameyaacha maneno. Pumzi ndiyo iliyokuwa imemwacha yeye.

Asubuhi moja walikuwa wakikamua shuka za zahanati.

"Kaza, mama," Mama Dobi alimwambia binti yake. "Kaza, bado zunguko moja."

Chiriku alikaza. Kisha vidole vikalegea, shuka ikamponyoka, maji yakammwagikia mama yake miguuni.

"Mikono ya siagi," alisema Bibi kutoka kwenye kigoda chake. Bibi alikuwa mama yake Baba, na kazi yake ilikuwa kuloweka nguo na kuloweka watu kwa maneno. "Mchagua jembe si mkulima. Sasa huyu anachagua ncha ya shuka."

"Mwache," alisema Baba. Yeye alikuwa mezani, anapiga pasi. "Ameanza ugogo."

Neno hilo lilikuwa la nyumba ile peke yake. Gogo lilikuwa jina la utani la dada mdogo wa Baba. Alikufa akiwa msichana. Watu walisema alikuwa mvivu, analala kama gogo. Jina likabaki nyumbani hata baada ya mwenyewe kuzikwa. Yeyote aliyechoka mapema aliambiwa ana ugogo.

Chiriku akacheka pamoja nao. Mgonjwa hucheka na wanaomcheka, ili asiitwe mvivu mara mbili.

Na kulikuwa na buluu. Madobi wanaijua. Ni unga unaotiwa kwenye maji ya mwisho ili nguo nyeupe ing'ae. Unga huo hauna adabu. Hushika vidole, huingia kwenye kucha, hukaa humo. Kila mtu wa nyumba ile alikuwa na vidole vya buluu. Vya Chiriku vilizidi, na midomo yake nayo ilikuwa hivyo hivyo.

"Huyu huinywa kabisa," Bibi alikuwa akisema, na watu wakicheka tena.

Nyumba iliyozoea buluu haioni buluu.

*

Mchana ule Mama Dobi na Chiriku walipeleka mzigo zahanati. Zahanati ilikuwa na ngazi fupi tu mlangoni. Mama Dobi alipofika juu, aligeuka. Binti yake alikuwa chini, amekalia furushi.

Muuguzi alitoka kupokea mzigo. "Binti, mbona umezikalia shuka za wagonjwa?"

"Nimechoka... sista. Napumzika... kidogo."

"Ngazi zenyewe hujapanda bado. Umechoka nini?"

"Usimsikilize," alisema Mama Dobi. "Ana ugogo huyu."

Muuguzi hakuuliza ugogo ni kitu gani. Aliushika mkono wa Chiriku, akazitazama kucha. Mama Dobi akawahi kueleza.

"Hiyo ni buluu ya kazi, sista. Tazama, na zangu pia."

Muuguzi akaingia ndani, akarudi na pamba iliyolowa spiriti. Akafuta kucha ya Mama Dobi. Pamba ikawa na doa la buluu. Akachukua pamba nyingine, akaifuta kucha ya Chiriku kwa nguvu. Akaigeuza pamba, akamwonyesha mama. Ilikuwa nyeupe.

"Toa ulimi, binti."

Chiriku akatoa ulimi. Ulikuwa na rangi ya zambarau.

"Haya, Mama Dobi, niambie. Huyu hufua kwa ulimi?"

Mama Dobi akamwinua binti yake kwenye furushi.

Waliingia ndani. Muuguzi alimbana Chiriku kidole kwa kifaa kidogo chenye taa nyekundu. Akasema kifaa kile huonyesha kama damu imebeba hewa ya kutosha. Ya Chiriku haikuwa imebeba ya kutosha. Kisha akaweka kipimo chake cha masikioni kifuani kwa binti. Akasikiliza mahali pamoja, akahama, akarudi pale pale.

"Moyo mzima hugonga safi," alisema. "Huu unagonga, halafu unapuliza. Kama bomba ambalo maji yake yanarudi nyuma."

"Ni ugonjwa gani?"

"Sikio langu linaniambia kuna kitu. Haliniambii ni kitu gani. Inabidi moyo uonekane ukiwa kazini. Mpeleke hospitali kubwa akapimwe ultrasound ya moyo."

"Nikimaliza kufua za wiki hii..."

"Mama, wewe na kufua. Nguo zinangoja. Moyo haungoji."

*

Siku ile meza ya pasi ilikuwa na mgeni. Mama Leso alikuja kila alipokuwa na habari, au alipoishiwa nazo. Huleta leso moja tu, ifuliwe. Leso yenyewe huwa safi.

Mama Dobi hakungoja aondoke. Hilo ndilo kosa lake la siku ile.

"Baba Chiriku, zahanati wamesema mtoto akapigwe ultrasound."

Pasi ilisimama. "Ultrasound ya nini?"

"Ya moyo."

"Tangu lini moyo ukapigwa ultrasound? Chumba chake pale hospitali nimepita mlangoni mara nyingi. Benchi zima wajawazito. Na mlangoni wamebandika picha ya tumbo la mimba. Nionyeshe picha ya moyo pale."

Baba hakusema uongo. Picha ilikuwepo, imepauka kwa jua. Ilibandikwa na watu wanaojua mashine ile hufanya kazi ngapi, na miaka yote ile hakuna aliyeona haja ya kuwaambia wengine. Wanaojua wakinyamaza, asiyejua hutunga mwenyewe. Akishatunga, anaitwa mjinga.

"Mimi sisemi kitu," alisema Mama Leso. Na kabla leso haijakauka, alikuwa ameshakisema mpaka sokoni.

Baba alimwita binti yake. Akamsimamisha mbele ya meza.

"Ni nani?"

"Nani... nani nini, baba?"

"Usinizungushe. Nimeuliza ni nani."

Chiriku akaelewa. Machozi yakamjaa. Alitaka kusema maneno mengi kwa pamoja, kwamba hakuna mtu, kwamba hajawahi, kwamba anachoka tu na kifua kinamdunda. "Baba, mimi sijawahi... hakuna... mimi..." Pumzi ikakatika katikati. Akashika ukingo wa meza.

Baba akaona kigugumizi cha mwenye hatia.

"Haendi popote," alisema. "Kazi yetu sisi ni kutoa madoa. Hatuyaleti nyumbani."

Mama Dobi alimchukua binti yake uani. Akamkalisha karibu na beseni. Akachukua sabuni ya mche na brashi ya kola, akaanza kumsugua kucha. Alisugua kama anayetaka kumwonyesha mtu kitu. Ikitoka, basi muuguzi amekosea, na mambo yameisha. Povu likawa jeupe. Kucha zikabaki vile vile.

"Acha," Bibi alisema nyuma yake. "Utamchubua. Haitoki hiyo."

"Umejuaje, mama?"

Bibi alimpokonya brashi.

"Nilizisugua za binti yangu," alisema. "Yule mnayemwita Gogo. Mwisho wake hakugusa ndoo wala shuka. Alilala kitandani msimu mzima wa mvua. Nikasema buluu imemwingia mwilini. Nilisugua kwa sabuni, nikasugua kwa limau, nikasugua kwa majivu. Mpaka anakufa, kucha zilikuwa hivi hivi."

"Hospitali walisemaje?"

"Nani alimpeleka?" Bibi aliuliza. "Mvivu hupelekwa hospitali?"

Wangapi wamezikwa na jina hilo, mvivu, mzembe, gogo? Hakuna anayewajua. Mvivu akifa, watu husema sasa amepumzika, wanarudi kazini. Lakini kusahau kwa watu hakumfanyi marehemu kuwa mvivu.

Bibi alinyanyuka kwenye kigoda. "Wewe mumeo atakunyamazisha," alimwambia Mama Dobi. "Mimi nilimzaa. Hawezi."

Alikwenda mezani. Mama Dobi alibaki uani, akasikia.

"Mwanangu, unamkumbuka mdogo wako?"

"Namkumbuka, mama."

"Unamkumbukaje?"

Mama Dobi akasikia pasi ikisimama.

"Unamkumbuka kwa jina ulilompa wewe. Nami nikalicheka. Sasa nakuuliza. Huyu wa pili naye tumpe jina, au tumpe hospitali?"

Halafu harufu ya kuungua ikafika mpaka uani. Baba alikuwa ameisahau pasi juu ya shuka ya zahanati. Alipoiinua, alama ya pasi ilikuwa pale, ya kahawia, na ncha yake.

"Mpelekeni," alisema, akiitazama shuka. "Ila mimi kwenye benchi lile siketi."

*

Benchi lilikuwa vile vile alivyolisema. Wajawazito walisogea, wakawapa nafasi. Mmoja wao, mchangamfu, alimtazama Bibi.

"Bibi, na wewe umo?"

"Nimo," alisema Bibi. "Wangu amechelewa kidogo, toka enzi za babu yako."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akashika tumbo. Mzee mmoja mwisho wa benchi akacheka pia. Mama Dobi hakuwa amemwona.

"Na wewe mzee, umemsindikiza nani?" alimwuliza.

"Nimezisindikiza figo zangu," alijibu mzee. "Zina mawe. Hapa huonekana."

Mama Dobi alishusha pumzi. Alitamani mumewe amsikie mzee huyo.

Ndani mlikuwa na giza kidogo, ili kioo cha mashine kionekane vizuri. Mpimaji alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Alimlaza Chiriku ubavu wa kushoto. Akamfunika shuka. Mama Dobi akaigusa kwa mazoea, akanong'ona, "Hii haikukamuliwa sawasawa."

"Itauma?" Chiriku aliuliza.

"Baridi tu." Mpimaji alimpaka kifuani mafuta mazito kama uji. Akaweka juu yake kifaa kinachoenea kiganjani. "Umewahi kupiga makofi kwenye chumba kitupu?"

"Nimewahi. Sauti... inarudi."

"Na chumba kikijaa nguo?"

"Hairudi... vile vile."

"Basi. Kifaa hiki hupeleka sauti ambayo sikio halisikii. Sauti inagonga moyo, inarudi. Mashine inachora kutokana na inavyorudi. Hakuna sindano, hakuna kukata. Sauti hiyohiyo huchora mtoto tumboni, huchora figo, huchora moyo. Tofauti ni kifaa, na ujuzi wa anayepima."

Mlango ukagongwa. Ulipofunguliwa, Baba alikuwa amesimama pale. Alinuka nguo iliyoungua.

"Mimi ni baba yake," alisema.

"Ingia, funga mlango. Mwanga unanisumbua."

Baba akaingia, akasimama ukutani. Kwenye kioo kulikuwa na kitu kinachofunguka na kujifunga. Chiriku alikuwa anakitazama pia.

"Ndiyo huo moyo?" Baba aliuliza.

"Ndiyo huo. Moyo ni nyumba ya vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Kati ya chumba na chumba kuna mlango. Damu ikishapita, mlango hujifunga, isirudi ilikotoka. Tazama upande huu wa kushoto. Unaona mlango unavyofunga?"

"Naona."

"Sasa tazama upande wa kulia."

Hata Mama Dobi aliona. Mlango ule ulikuwa chini mno, kama mlango uliopachikwa katikati ya chumba badala ya kizingitini. Sehemu yake moja ilikuwa imeng'ang'ania ukuta. Uliposhtuka kufunga, haukufika.

Mpimaji akabonyeza kitu. Rangi nyekundu na buluu zikajaa kwenye kioo.

"Buluu hiyo," alisema Baba. "Ndiyo iliyomwingia?"

"Hapana, baba. Hizo ni rangi za mashine tu. Nyekundu ni damu inayokuja kwenye kifaa, buluu ni inayokwenda mbali nacho. Huniambia damu inaelekea wapi. Hapa mlango ukifunga, damu ilipaswa kukoma. Haikomi. Inarudi juu. Chumba cha juu kimejaa mpaka kimetanuka."

Alikipima chumba, akapiga picha, akakipima tena. Halafu akamwita daktari wa moyo. Daktari alitazama kwa muda mrefu. Kisha akavuta kiti, akakaa, uso wake ukawa sawa na nyuso zao.

"Mwenzangu ameona vizuri," alisema. "Mlango huu umeshikizwa chini kuliko mahali pake. Madaktari huuita ugonjwa wa Ebstein. Ni nadra. Daktari anaweza kufanya kazi miaka mingi na akaona wachache tu. Tena kuna tundu kati ya vyumba viwili vya juu. Damu ambayo haijapitia mapafuni kuchukua hewa inapenya pale, inakwenda mwilini hivyo hivyo. Hiyo ndiyo buluu ya midomo na kucha."

"Ni maji ya kufulia?" aliuliza Mama Dobi. "Nilifua nikiwa na mimba yake. Mpaka siku ya kujifungua."

"Si maji. Si kazi yako. Hakuna mtu aliyemfanyia. Moyo uliumbika hivyo akiwa tumboni, na mara nyingi hatujui kwa nini."

Mama Dobi aliinamisha kichwa. Hakujua kwamba amelibeba swali hilo, mpaka lilipotuliwa.

Baba akasema polepole, "Nilikuwa na mdogo wangu. Alichoka hivi hivi. Kucha zilikuwa hivi hivi. Alikuwa na ugonjwa huu?"

"Siwezi kukuambia," alisema daktari. "Inawezekana, au ulikuwa mwingine. Hakupimwa. Lakini umefanya vizuri kunitajia. Ndugu wa mtu aliyezaliwa na ugonjwa wa moyo, nao tunawasikiliza mioyo."

Hakupimwa. Baba alilirudia neno hilo kimoyomoyo. Dada yake hata jina la ugonjwa hakuachiwa. Aliachiwa jina la utani.

Bibi alikuwa amekaa pembeni. Akamgusa Chiriku unyayo. "Kumbe si siagi," alisema.

*

Daktari aliwapa dawa na maagizo. Asibebe mizigo mizito, asikamue shuka. Moyo ukienda mbio ghafla, au akizirai, aje siku hiyo hiyo, asingoje kesho. Asafishe meno kila siku, na kabla ya kung'olewa jino aseme ana tatizo la mlango wa moyo, kwa sababu vijidudu vya kinywani vinaweza kuingia kwenye damu na kukaa pale mlangoni. Na apangiwe kupasuliwa.

Foleni ya upasuaji ilikuwa ndefu. Mama Dobi alikwenda kuuliza, akarudi, akaenda tena. Alikaa kwenye viti vya ofisi mpaka makarani wakamzoea. "Umekuja tena, Mama Dobi?" "Nimekuja tena. Moyo wa mwanangu nao umekuja tena." Wapole hungoja kuitwa. Yeye alikuwa ameshangoja vya kutosha akiwa haelewi. Alipoelewa, hakungoja.

Siku ikafika. Madaktari walishona lile tundu, wakautengeneza ule mlango, wakaupandisha mahali pake. Chiriku akalala, akaamka, akalala tena. Alipopimwa kwa ultrasound baada ya kupona kidonda, mpimaji alimwonyesha Mama Dobi kioo. Mlango ulifunga. Damu kidogo tu ilirudi, na daktari alisema hiyo haina neno, ila ataendelea kupimwa maisha yake yote.

Baba alilipa zahanati shuka nyingine. Ile iliyoungua aliichukua, akaikata kipande, akakipiga pasi, safari hii kwa uangalifu. Chiriku akaandika kwa wino usiotoka. Wakaomba ruhusa, wakakitundika juu ya benchi la hospitali, karibu na ile picha iliyopauka. Alama ya pasi ipo mpaka leo pembeni ya maandishi. Yanasema hivi:

HAPA HUPIMWA MIMBA, FIGO, INI NA MOYO. USIMWULIZE MWENZIO AMEFUATA NINI. MSOGEE AKAE.

Mama Leso alikisoma. Alirudi nyumbani, na siku ya pili alileta leso yake kama kawaida. Safari hii alimleta pia mjukuu wake, mtoto anayechuchumaa kutafuta pumzi kila akikimbia kidogo. "Mimi sisemi kitu," alisema, na kweli hakusema. Alimsukuma tu mtoto mbele ya Bibi.

Bibi alimtazama kucha. Kisha akasema, "Toa ulimi, mjukuu wangu."

Nyuma yao, kwenye meza ya pasi, Chiriku alikuwa anakunja shuka na kumsimulia baba yake habari ya muuguzi wa wodini, jinsi alivyolala kwenye kiti akaota anampiga mgonjwa sindano, akamchoma mwenzake. Alianza na kiti, akaja kwenye ndoto, akamweleza yule mwenzake alivyo na anatoka kwa nani. Ilikuwa hadithi ndefu isiyo na kichwa wala miguu.

Baba aliisimamisha pasi wima mezani, isije ikaunguza kitu. Akaisikiliza yote. Binti yake alifika mwisho bila kupumzika njiani.

"Halafu?" alisema Baba.